Rufaa ya Mama wa Shume

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja ya Lushoto mjini, nikisubiri kuchapishiwa barua, akaingia mama mmoja kutoka Shume amekumbatia bahasha kifuani. Alikuwa ameshindwa kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kukata rufaa. Mahakama iko Tanga, na basi lilikwisha kumwacha.

"Shikamoo mama. Usihangaike, tutaituma kwa mtandao," dada wa dukani akamwambia.

"Marahaba," mama akajibu, lakini bahasha aliiachia polepole.

Dada akaskani karatasi moja moja, akajaza fomu, akabonyeza. Punde simu ya mama ikalia, dada akamsomea: "Rufaa yako imepokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na mahakama, mama."

"Mtu gani wa mahakama? Ameisoma?"

Dada akausoma tena ule ujumbe. Haukuwa na jina la mtu.

"Basi wapigie huko mahakamani, uwaulize," mama akasema.

Dada akapiga simu masjala ya mahakama, akaweka spika. Karani akatafuta kidogo, kisha akasema anaiona, akasoma jina la mama kama msimamizi wa mirathi, na jina la marehemu. Aliposikia la mumewe, mama alifumba macho.

"Sasa imefika," akasema, akaketi kwa mara ya kwanza.

Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu napokea ujumbe wa namna hiyo kila siku. Sijawahi hata mara moja kuuliza imepokelewa na nani.