Swali Lisilokuwamo Kwenye Fomu

Juzi nilikwenda ofisi ya kata hapa Bagamoyo. Kabla ya kufika dirishani, foleni ilipitishwa kwenye meza ya kamati moja ya uzalendo. Walivaa fulana mpya, wakikusanya saini za kuunga mkono askari wetu waongezwe kwenye vita vya nchi jirani.

"Shikamoo, mama. Weka dole gumba hapa, tuwatie moyo wanetu," bwana mmoja alimwambia mama aliyekuwa mbele yangu, akimsogezea pedi ya wino.

"Marahaba, mwanangu. Wangu ameshaletwa. Sanduku lilipigwa misumari, tukakatazwa kulifungua, tukamzika bila kumwosha." Akashika ukingo wa meza. "Hao mnaowaongeza, mtaturuhusu kuwaosha?"

Yule bwana akaipitia fomu kwa kidole. Akaigeuza, akatazama na nyuma, ambako hakukuandikwa kitu.

"Hilo halimo, mama."

Mama akajifunga vizuri mtandio wake, akaondoka bila kuhudumiwa. Foleni ikasogea.

Msidhani nilisimama pembeni nikiwahukumu. Zamu yangu ilipofika nilisaini bila kusoma. Nilikuwa na haraka ya barua ya kuunganishiwa maji.