Muthama, Mwau na Mafuta ya Ndege

Muthama alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya upili karibu na Tawa kwa miaka ishirini na saba. Aliosha mirija, akapanga chupa, akawatayarishia wanafunzi kemikali za majaribio. Mwalimu mmoja wa fizikia, mgeni aliyekaa mihula minne tu, alimwachia sanduku lenye injini mbili ndogo, kila moja ikitoshea kwenye kiganja. Hapo ndipo Muthama alipoanza kuunda ndege ndogo za kurusha.

Hazikuwa ndege za rimoti. Aliziunda kwa vijiti vya muvuti, mti mwepesi unaochongwa mizinga ya nyuki, akazivika karatasi laini ya kufungia zawadi na kuipaka vanishi mpaka ikakaza. Mafuta aliyapima kwa bomba la sindano, ya sekunde kumi na tano tu. Ndege ikirushwa ilipanda ikilia kama nyigu, injini ikazima, kisha ikaelea yenyewe popote upepo ulipoipeleka. Hakuna mtu aliyeiongoza. Kosa lolote lililofanywa mezani lilipanda nayo.

Alipostaafu mwaka wa 2016 alirudi kwao, karibu na Kwa Vonza, akajenga chumba cha kazi nyuma ya nyumba. Boma la pili lilikuwa la mdogo wake Mwau, dereva wa trekta, na mkewe Wavinya. Mwau alikuwa mchapakazi na mcheshi, lakini pombe ilikuwa imemshika.

Muthama alikuwa na tabia moja. Kitu chochote ambacho hakutaka kiguswe alikiandika SUMU kwa kalamu nyekundu, akachora fuvu chini yake. Asali yake ilikuwa na fuvu. Mkebe wa sukari ulikuwa na fuvu. Watu walicheka. Mwau aliila ile asali kwa kijiko huku akimtazama usoni.

"Sumu yako ni tamu sana," alimwambia.

Mafuta ya ndege yalikuwa mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo na methanoli, spiriti inayonuka kama pombe kali, na methanoli ni sumu kweli. Pale kijijini hakuna aliyelijua hilo kumshinda Muthama. Aliiweka kwenye rafu ya juu, ndani ya chupa ya plastiki ya lita mbili, haina rangi, kama maji. Akaiandika vilevile alivyoiandika asali. Mlango aliurudisha tu, bila kufuli.

Agosti 2019 alikwenda Tawa kumzika mwalimu mwenzake. Aliporudi Jumapili mchana alimkuta Wavinya barabarani, hana viatu.

"Mwau anatapika tangu asubuhi," alisema. "Anasema kila kitu ni kama ukungu mweupe."

Muthama hakwenda kwa Mwau kwanza. Alikwenda chumbani kwake, akaishika ile chupa. Ilikuwa nyepesi. Akatafuta gari la kumpeleka Mwau, na hospitalini aliwaambia madaktari wazi amekunywa kitu gani, na kwamba ni chake. Kwa kujua hivyo waliweza kuokoa maisha ya Mwau. Macho hayakurudi.

"Niliona umeandika," Mwau alimwambia siku ya nne, kitandani. "Nikadhani ni asali nyingine tu."

Wavinya ndiye aliyejibu, akiwa amesimama upande wa pili wa kitanda. "Shemeji, wewe ni mtu amesoma. Ulijua hii ni ya kuua, na ukaiandika kama sukari."

Tangu siku hiyo hakumwita shemeji tena. Alimsalimia mbele ya watu, basi.

Muthama aliimwaga methanoli iliyobaki ndani ya shimo, akazitundika ndege ukutani, akafunga chumba kwa kufuli. Lilikuwa kufuli la kawaida la dukani, ambalo angeweza kulinunua siku yoyote. Kila asubuhi alikwenda kwa Mwau, akamnyoa ndevu, akamsomea Biblia ya Kikamba, akamtembeza mpaka barabarani na kumrudisha. Mwau hakuonja pombe tena. Miaka ikaenda hivyo, mitatu na zaidi, bila yeyote kuigusa ile habari.

Asubuhi moja ya Januari 2023, Muthama akimnyoa, Mwau aliuliza, "Ile ndege ya manjano bado iko?"

"Iko."

"Kwa nini siisikii?"

Muthama aliuweka wembe chini. "Mwau, mimi ndiye nilikupofusha."

"Mimi ndiye nilikunywa."

Kuku waliparuza karibu na miguu yao.

"Lakini ungefunga mlango," Mwau akasema.

"Ningefunga. Na singeandika uongo kwa kila kitu."

"Haya. Sasa tumesema. Mimi nataka kusikia injini."

Ilimchukua Muthama wiki tatu kukubali. Alileta kichupa kimoja cha mafuta mapya, kisichozidi kidole gumba, akakiweka mfukoni mwa shati na kukifunga kwa pini. Kabla ya kutia mafuta alimpa Mwau akishike. Mwau alikinusa, uso ukamkunjamana, akamrudishia.

Walikuwa kwenye shamba la ndengu lililokwisha kuvunwa. Mwau aliishika ndege katikati, Muthama akagusisha betri kwenye injini na kuipiga pangaboi yake ya mbele kwa kidole mara tano, sita, mpaka injini ikaitika na pangaboi ikamchana ngozi.

"Wacha niirushe mimi," Mwau alisema juu ya kelele.

"Huoni upepo!"

"Kwani wewe unauona?"

Mwau aligeuza uso polepole mpaka upepo ukamgusa masikio yote mawili sawasawa. Akairusha. Ilipanda ikilia, ikazidi kupanda, halafu kimya.

"Imeanguka?"

"Hapana. Iko juu, inazunguka."

"Upande gani?"

Muthama aliushika mkono wa ndugu yake, akaunyoosha kuielekea ndege, wakawa wanageuka nayo pamoja, hatua kwa hatua. Mwau alikuwa analia. Mkono uliendelea kushuka mpaka ukaelekea mbaazi za Wavinya.

Wavinya aliileta mwenyewe, bawa moja limechanika. Hakuitazama. "Chupa iko wapi?"

Muthama alifungua pini. Matone machache yalikuwa yamebaki. Wavinya alikichukua kile kichupa, akaenda chooni, akakitupa shimoni, akarudi na kunawa mikono mara mbili.

"Na ufunguo," alisema. Muthama akautoa.

Wavinya aliutia ndani ya kitambaa, akakifunga fundo. "Shemeji, ingia mnywe uji."

Siku hizi Mwau ndiye anayepiga msasa mbavu za mabawa, kwa vidole tu, na Muthama anasema kazi yake ni safi. Mafuta huchanganywa ya siku moja, Wavinya akiwa amesimama hapo. Muthama akitaka kufanya kazi, huenda mlangoni kwa Wavinya asubuhi na kuomba ufunguo. Siku nyingine Wavinya humpa. Siku nyingine humwambia arudi kesho, naye hurudi kesho.