Tisa Nukta Saba

Ofisini tunamwita Bi Nukta, kwa sababu ukimtajia namba bila nukta yake atakurudisha mwanzo kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ni moja tu: kila asubuhi anazipigia benki simu na kuuliza jana zilikopeshana kwa riba gani, ule mkopo wa usiku mmoja, kisha ofisi yetu inazitangaza riba hizo. Riba ikitulia, pesa ipo. Ikiruka ghafla, ujue kuna benki imeishiwa na nyingine zinaogopa kuikopesha.

Jumanne ile benki zote zilitaja saba na kitu. Moja ikasema tisa nukta saba.

"Umegeuza," bosi akamwambia. "Ni saba nukta tisa. Rekebisha niitume."

"Masikio yangu hayajazeeka, mwanangu." Akapiga tena, safari hii akaweka spika.

"Ni tisa nukta saba, mama," sauti ikajibu kinyonge. "Chini ya hapo hakuna aliyekubali kutukopesha."

Bosi akafunga mlango. "Tukiitangaza hiyo, watu watakimbilia kutoa pesa zao. Na wewe akiba yako ya uzeeni si iko humohumo?"

"Iko yote." Akaiandika namba, akaikandamiza nukta mpaka karatasi ikatoboka. "Ningekuwa mtu wa kuficha, bosi, saa hizi usingenikuta hapa. Ningekuwa kwenye foleni ya benki ile, wa kwanza kutoa changu."