Presha Niliyoombewa Kanisani

Wacha niseme tu bila kuzunguka: niliwahi kuombewa presha mbele ya kanisa zima hapa Kawangware, na presha sijawahi kuwa nayo hata siku moja.

Ilianza mama mkwe alipokuja kutoka Kakamega kumwona Imani wetu wa miezi mitano, na sisi chumba ni kimoja, pazia katikati, sasa hapo utaficha nini? Nilikuwa nameza tembe za kupanga uzazi, zile wanazopewa mama wanaonyonyesha, na nesi alikuwa amenionya nizimeze saa ile ile kila siku, nikichelewa zaidi ya masaa matatu ni shauri yangu. Alamu ya simu ikalia saa nne, nikameza, na mama mkwe (ambaye alikuwa ameshampa mjukuu wa pili jina) akaona.

"Mama Imani, hizo ni za nini?"

"Za presha, mama."

Basi, ni hayo tu. Mume wangu, aliyejua ukweli, alicheka mpaka akatoka nje, lakini jioni omena ikapikwa bila chumvi, kesho yake pia, na Jumapili nikashtukia naitwa mbele, kumbe mama mkwe ameshawaambia kina mama wote. Wakaniwekea mikono. Nilikuwa nawaza nianguke kidogo ili yaishe, ndipo mama mkwe akafungua mkoba wangu na kuinua pakiti juu.

"Leo anaziacha! Tuzitupe!"

Hapo niliogopa kweli, kwa sababu zikitupwa, yule mjukuu mwenye jina angekuja.

Mama muuza samaki akaanza kuangalia viatu vyake, fundi wa nguo akakohoa, na kina mama mmoja mmoja wakainamisha vichwa. Wanazijua! Na hakuna wa kusema, maana angeulizwa amezijulia wapi.

Mke wa mchungaji akaichukua pakiti, akaitazama kwa muda.

"Mungu anatumia madaktari pia. Ataendelea nazo."

Watu wakaitikia amina, wengine kwa nguvu kuliko kawaida.

Ibada ilipoisha alinivuta kando. "Wewe humeza saa ngapi?"

"Saa nne." (Alamu nilikuwa nimeizima, si ni kanisani.)

"Sasa ni saa saba kasoro dakika kumi. Meza hapa hapa." Akanipa maji yake mwenyewe.

Sitasingizia ugonjwa tena maishani. Mama mkwe alikaa miezi miwili, na kila nikigusa mkebe wa chumvi ananishika mkono na kuuliza, "Na ukituacha, Imani atalelewa na nani?" Machozi yanamlengalenga kabisa. Alikuwa ananipenda, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko aibu ya kanisani.