Msichana Aliyekua kwenye Karatasi

Juzi nilikuwa mjini Wote na wasanii wenzangu, tunatundika picha kwa ajili ya maonyesho, nikaketi sakafuni kumalizia moja ambayo haikuwa tayari. Nilipochonga penseli ya kahawia, harufu ya ule mti ikanijia puani na ukumbi wote ukanitoka machoni. Nilikuwa tena Mutomo, kwenye kivuli cha ghala la susu, kama tulivyomwita nyanya yetu, jua la saa saba limetulia juu ya boma na mbuzi wamelala wakihema. Sijawahi kuisimulia habari hii vizuri. Kaa nikusimulie.

Mimi nilizaliwa Mbooni, milimani, kwenye ndizi na maparachichi na ukungu wa asubuhi. Baba alipofariki, mama akaenda kutafuta kazi kwenye miji ya barabara ya Mombasa, nami nikapelekwa nyikani Mutomo kwa susu. Ili nisilie, mama aliniachia pakiti ya penseli za rangi. Mbooni ningemaliza kijani kabla ya rangi nyingine yoyote. Mutomo kijani ilikaa ndefu vile vile, huku kahawia ikibaki kipande kidogo cha kushikwa kwa ncha za vidole. Susu alinichongea kwa wembe. Karatasi zangu zilikuwa migongo ya kalenda, zile za kanisa na za maduka, ambazo majirani walinitunzia mwaka ukiisha.

Nilichora baada ya kazi. Asubuhi tulienda na punda mtoni, mto usio na maji juu, mchanga mtupu, tukachimba hadi maji yakachuruzika chini ya shimo, tukayateka kwa kata, polepole, mpaka mitungi ikajaa. Tukirudi, susu alibandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, jikoni, nami nikajinyoosha chini ya ghala na penseli zangu, nikisikia sufuria ikichemka na kengele za mbuzi zikilia moja moja.

Siku moja jirani yetu, mama aliyeishi peke yake ng'ambo ya ua wa miiba, alikuja kuomba chumvi akanikuta nikimchora susu. Alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Huyu ni wewe kabisa," akamwambia susu. Kisha akainama kwangu. "Unaweza kunichorea binti yangu?"

"Yuko wapi?" nikauliza.

Susu alikohoa. Jirani hakumtazama. "Hayuko nyumbani," akasema. "Nitakueleza alivyo."

Akanieleza. Uso wa mviringo, pengo kwenye meno ya mbele, masikio yaliyosimama kidogo kama yangu. Nilichora haraka kuliko kawaida yangu, kama mtu anayenakili kitu kilicho mbele yake. Nilipofika mwisho nikachukua ile kahawia nikampaka kwenye nywele, kwenye nyusi na pembeni mwa midomo. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mkono ulitaka tu.

Jirani aliipokea ile karatasi akaiweka mapajani. Hakulia. Alianza kuipuliza, polepole, kama unavyopuliza vumbi usoni mwa mtoto.

Alipoondoka, susu alinishika mkono. "Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, susu?"

Ndipo akanieleza. Kabla mimi sijazaliwa, wakati wa kiangazi kikali, yule binti alishuka ndani ya shimo la maji mtoni, shimo refu kuliko kimo cha mtu, na kuta za mchanga zikamwangukia. Walipomfukua alikuwa amelala kama amechoka, mchanga umemjaa nyweleni. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini kalenda zilipobadilika, jirani alirudi na karatasi ya kalenda yake. "Sasa ameongeza mwaka," akasema. "Pengo limeziba." Nikachora. Mwaka uliofuata akarudi tena. Shingo imerefuka, uso umeanza kuchongoka. Yeye alisema maneno machache na yaliyobaki yalikuja yenyewe, na kila mara picha zilikuwa sawa, yule yule, mkubwa kidogo.

Alizipanga ukutani, ndani ya nyumba yake, kuanzia mlangoni kuelekea kitandani. Siku susu aliponituma kuomba chungio, nilisimama kizingitini nikiyakwepa yale macho. Chini ya picha ya mwisho kulikuwa na kikombe cha uji, bado kinatoa mvuke. "Msalimie mwenzako," jirani aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nami nilisalimia. Wewe ungefanyaje? Kisha nilitimua mbio hadi nyumbani, na chungio nimelisahau.

Sasa, kuna jambo sikuliona mimi, aliliona susu. Sare yangu ya shule ilikuwa inanitosha mwaka baada ya mwaka. Wenzangu walibanwa na magauni yao wakashonewa mapya, mimi nilibaki mstari wa mbele na watoto wadogo. Mwalimu wetu alinitania, "Kwani wewe umeamua kutokua?" Susu alinipeleka hospitali ya misheni. Nesi akanipima, akanigeuza huku na huku, akasema sina ugonjwa, nipewe maharagwe na maziwa. Nilipewa. Nilikula hadi tumbo likauma, na alama ya kimo ambayo susu alinichorea kwa mkaa kwenye mlango haikusogea.

Basi jirani alipokuja tena na karatasi ya kalenda, alimkuta susu amesimama mlangoni.

"Huyu hatachora tena," susu akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Mwangalie vizuri. Kisha nenda ukaangalie ukuta wako. Wako anarefuka, wangu amesimama."

Jirani alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Alinitazama miguu, gauni, mikono. Nilimwona akielewa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Mara moja tu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimuage. Kisha nitamwachilia."

Susu alifumba macho. Alikuwa mtu wa kanisa, na najua aliomba pale pale, midomo ikicheza. "Mara moja," akasema.

Nilikaa chini ya ghala. Nilianza kwenye paji la uso kama siku zote, lakini uso haukuja. Nilijaribu jicho, likawa la mtu mwingine. Nikageuza karatasi upande wenye picha ya kalenda, nikairudisha. Mwishowe mkono ulianza wenyewe mahali pengine: leso, mabega, mgongo, visigino vya mtu anayetembea kwenda zake. Nywele nilizipaka nyeusi tupu. Kahawia sikuigusa.

"Mbona amegeuka?" jirani akauliza.

"Sijui. Hataki kuniangalia."

Alikaa na ile picha hadi kivuli cha ghala kikafika getini. Kisha akatabasamu, kidogo tu. "Ameolewa," akasema. "Hata mimi siku niliyotoka kwetu sikutazama nyuma. Ningetazama ningelia."

Hakurudi tena na kalenda. Mvua zilipokuja nilianza kukua, na nikakua kwa fujo, hadi susu akalifungua pindo la gauni lote likaisha. Nesi alisema ni maziwa. Susu hakubishana naye, ila Jumapili alisimama kutoa ushuhuda akasema Bwana amemrudishia mtoto, akaketi bila kueleza zaidi. Na siku nilipotumwa tena kwa jirani, ukuta ulikuwa mtupu. Nikauliza picha ziko wapi.

"Alikuja akachukua vitu vyake," alinijibu, akiendelea kupepeta pojo.

Miaka mingi baadaye nilifanya maonyesho yangu ya kwanza mjini Kitui. Susu alikuwa ameshatutoka. Jirani alikuja, mzee, kwa fimbo, amevaa viatu vya kanisani. Alipita mbele ya kila uso niliouchora, mmoja baada ya mwingine, akiinamisha kichwa kama anayesalimia msibani. Alipomaliza akanivuta pembeni.

"Hawa wote," akaninong'oneza, "mama zao wanajua wako hapa?"

Nikacheka. Nikamwambia hawana mama, nimewatunga tu kichwani mwangu, sijawahi kuwaona popote.

Alinitazama kwa huruma. "Hata wangu hukuwahi kumwona," akasema.

Tulimzika mwaka uliofuata. Ua wa miiba ulishaliwa na mchwa, ghala liliporomoka, na pale mtoni siku hizi malori yanazoa mchanga kutwa hadi mwamba umeonekana. Susu hayupo, jirani hayupo, na zile karatasi sijui ziko wapi. Watu husimama mbele ya picha zangu wakasema zimefanana na watu halisi, nami hushukuru. Lakini yule msichana hakuna tena aliyebaki duniani wa kuniambia kama niliipatia sura yake.