Mlokwati Mbele ya Nyumba ya Mama

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipoamua kwamba nyumba ya mama ilihitaji urembo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili huko juu Kilungu, kwenye baridi na ukungu, ndani ya shamba la kaka yake. Baba alipofariki mama alirudi kwao, na mjomba akampa mahali pa kulala na kipande cha kulima mahindi na maharagwe. Kumpa ni neno langu. Yeye alisema amemwazima.

Mche niliutoa kwenye bustani ya mhadhiri mmoja, nikasafiri nao mapajani ndani ya kopo. Ulikuwa mlokwati: majani mapana, ya kijani mwaka mzima, na matunda madogo ya manjano ambayo karibu yote ni mbegu. Niliupanda Jumapili mama akiwa kanisani. Aliporudi alisimama akiutazama, Biblia kwapani, kisha akaniuliza kama hauwezi kuishi ndani ya kopo. Nikamweleza habari za mizizi. Nilimweleza kwa kirefu, kwa kuwa katika somo hilo nilikuwa nimefaulu vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kupika.

Alichokuwa ananiambia kila mtoto wa kule anakijua, na mimi nilikijua kabla ya kusoma. Shamba la kuazimwa hupandwa kitu kinachovunwa kikaisha. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake.

Mti uliipenda ile baridi. Mwaka wake wa nne, mwezi wa saba, ukatoa maua kwa mara ya kwanza, na mwezi huohuo maafisa wa ardhi wakaja kupima mashamba na kuandikisha wamiliki. Mjomba alikuwa akiwaonyesha mipaka alipofika mbele ya nyumba akasimama. Nilikuwepo, mimi na shahada yangu.

"Dada, huu ni wa nani?"

Mama alisema ni mtoto tu aliuleta. Mimi nikasema, "Ni wa urembo, mjomba."

"Wa urembo. Na wajukuu wa mama yako wakija kuniambia bibi yao alipanda hapa, niwajibu ni urembo?"

Mama akaingia ndani, akatoka na panga, akaukata mwenyewe karibu na udongo, maafisa wakitazama. Kisha akaomba msamaha. Mjomba hakuwa mkali. Alisema amesamehe, ila mama ahame baada ya mavuno.

Alihamia Kathonzweni, kwenye joto, kwenye kipande nilichomnunulia kwa haraka bila kuuliza maji yako wapi. Yalikuwa mbali. Aliyabeba mgongoni mpaka miguu ikakataa, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejitetea; nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Alipokufa nilipanda Kilungu kumpa mjomba habari. Kisiki kilikuwa kimechipua zamani, na sasa kilikuwa mti mkubwa, umejaa matunda. Mjomba alilia, kwa kweli alilia, kisha akamwambia mkewe anichumie mfuko nile njiani.

Nilikula nikiteremka. Yalikuwa matamu, jambo ambalo mama na mimi hatukuwahi kulijua. Mbegu nilizitia mfukoni moja moja. Kila nilipotazama, kushoto na kulia, palikuwa shamba la mtu.