Mwanzi wa Abundio na Skrubu Mbili

Siku ya nne baada ya kupandikizwa skrubu za meno, Abundio Zurita alikuwa ameuzunguka mtambo wake mara nyingi hadi mbwa akachoka kumfuata, akajilalia.

Miaka thelathini na miwili amekuwa akipika mezkali, ile pombe kali ya mkonge huku milimani Oaxaca, na miaka yote hiyo anaipima kwa mdomo. Unachovya mwanzi mwembamba kwenye pombe inayotoka mtamboni, unaivuta ipande, unaziba kwa kidole, kisha unaiachia imwagike kibuyuni. Mapovu yanayoelea tunayaita lulu. Lulu zikikaa, zikashikana ukingoni, mezkali imefika. Zikianza kupasuka upesi, unakata hapo hapo, unaweka ndoo nyingine. Ukichelewa, yale maji machungu ya mwisho yanaingia na kuharibu yote.

Mwaka juzi nyumbu anayezungusha jiwe la kusagia mkonge alitupa kichwa, meno mawili ya mbele ya Abundio yakaenda. Tangu hapo akivuta mwanzi, upepo unapita pengoni, pombe inapanda nusu na kushuka. Akawa anaziba pengo kwa kidole gumba, na wanaume wanamcheka. Ndipo akauza fahali, akaenda mjini kwa Daktari Nereida, akatobolewa mfupa wa taya na kufungwa skrubu mbili. Meno yenyewe yangevishwa juu yake baada ya miezi minne, mfupa ukishazishika.

"Wiki mbili usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, usiguse pombe, usinyonye kitu kwa mrija," daktari alimwambia. "Damu iliyoganda pale ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, na skrubu ikaanza kucheza, tunarudi mwanzo."

Abundio aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia anafanya kazi gani. Alikuwa amepiga hesabu yake: mkonge ulikuwa ndiyo kwanza umeingia mapipani kuchacha, nao huchukua wiki mbili. Lakini joto likaja ghafla, mapipa yakachemka yenyewe, na siku ya nne pombe ikawa tayari kwa mtambo. Haingojei mtu. Tena mwaka huu yeye ndiye mwenye sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na mwenye sikukuu huwamiminia wageni mezkali ya mtambo wake mwenyewe. Kuna mzee aliwahi kumimina iliyo chungu. Amekufa, wajukuu wake wamezeeka, na bado linatajwa.

"Keti unywe uji," mkewe Hermelinda alisema. Ulikuwa uji wa mahindi, wa vuguvugu, mwepesi kama maji ya kuoshea bakuli.

"Nimeketi."

"Umeketi, lakini miguu inatembea."

Fidencio, kaka yake Hermelinda, alikuwa akisukuma kuni motoni. "Shemeji, hilo shavu umeficha yai? Tuambie, tulikaange."

"Choma kuni, wewe."

"Mwache," Hermelinda alimwambia kaka yake. "Jana kutwa amehamisha rundo la mawe kutoka pale mpaka pale, kisha akalirudisha."

Ulimi wa Abundio ulikuwa umeshakwenda tena kwenye nyuzi za kidonda. Alikuwa akiukataza, unakwenda. Mezkali ikaanza kutoka, uzi mwembamba unaong'aa, na harufu yake ikampanda kichwani. Fidencio akachukua mwanzi.

"Weka chini," Abundio alisema.

"Shemeji, mimi nina meno yote."

"Na mapafu ya moshi. Utavuta majivu."

"Abundio," Hermelinda alisema, "daktari alisema nini?"

"Alisema mrija. Mrija ni wa watoto wanaokunywa soda."

"Ukimaliza kujidanganya, niite nije nishangae."

Lakini alikuwa ameshainama. Alivuta. Mdomo ulivyovimba, pengo lilikuwa limezibika; pombe ilipanda bila kusita, akaiachia, na lulu zikatanda kibuyuni zimeshikana vizuri kabisa. Alitaka kucheka. Kisha mdomoni pakajaa ladha ya chuma, na tone likaanguka kibuyuni, likatandaza wekundu katikati ya lulu.

"Sasa hii," Fidencio alisema polepole, "ni mezkali yenye haya, imeiva uso."

Hermelinda alikimwaga kibuyu kile ardhini, akampokonya mumewe mwanzi. "Ingia garini. Fidencio, mpeleke."

"Na mtambo?" Damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni.

"Miaka yote hii ulidhani nakaa hapa kufukuza kuku?"

"Ukikata mapema inakuwa kali, ukichelewa—"

"Nenda!"

Njia nzima Abundio aligeuka kutazama nyuma, mpaka Fidencio akamwambia atavunjika na shingo. Mjini, daktari alimlaza kitini, akasafisha, akashona upya, akagonga skrubu moja, kisha ya pili.

"Ya kulia imekaa. Ya kushoto inacheza kidogo. Nitaitazama Jumatatu, na kama bado inacheza nitaitoa. Uma pamba hii, usifungue mdomo. Hivi wewe unafanya kazi gani?"

Fidencio akamweleza. Daktari akafumba macho kwa muda.

Simu ikalia mfukoni mwa Abundio. Aliiweka sikioni kabla daktari hajamaliza kumkataza.

"Nimekata," Hermelinda alisema.

Abundio alitazama saa ya ukutani, akaruka kukaa wima. Mapema mno! Akaguna kwa nguvu.

"Usinigunie. Lulu zilianza kupasuka, nikakata. Nimeonja. Iko sawa."

Alinyakua kalamu ya daktari, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa, akampa simu na karatasi pamoja. Daktari akasoma.

"Mama, mumeo anauliza zilikaa muda gani kabla ya kupasuka."

"Mwambie zilikaa muda wa kutosha. Na mwambie sasa namwaga yale maji machungu, nafungua mtambo, hakuna cha kurudisha."

Simu ikakatwa. Abundio alirudi kulala kitini, pamba mdomoni, akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kidole, tap, tap, tap, na hakuacha hata daktari alipomshika mkono.